Springi Fupi

6 Januari

Kwa mume wangu mdogo, Parafujo,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, na zikukute umeshakula. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika asubuhi, la kulia linalijibu jioni, na mimi niko katikati yao nimenyamaza. Baba yako na mama yako hawajambo. Shangazi yako hajambo, ila kelele. Paka wa jirani bado anadhani hapa ni kwao.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mwanangu, ujana wangu wote niliumalizia kwenye bodi ya simu, vidude masikioni, nikiunganisha maneno ya watu. Huyu kafiwa, huyu anabembeleza, huyu anamgombeza mkwewe. Siku niliyostaafu niliapa kwamba masikio yangu nayo yamestaafu. Halafu barua haikatiki katikati.

Haya. Nimesikia unaniletea mke mwenza. Sikukasirika. Nililia kidogo, nikanywa chai, nikapona. Nimeambiwa ni mchora mabango ya maduka na kwamba ana rangi mpaka kwenye nyusi. Vizuri sana. Mwanamke asiyeogopa kuchafuka atakuweza.

Sasa zawadi yangu. Nakutumia gramafoni ya babu yako kwa basi la Jumanne. Wewe umeijua kama meza ya kuwekea vitambaa, maana ilinyamaza babu yako alipofariki, na wewe hujazaliwa. Hendeli inazunguka, lakini sahani ya kuwekea santuri haigeuki. Nataka ilie siku ya harusi yako, hapa hapa sebuleni. Wewe ndiye mjukuu wa kwanza kuoa, na katika nyumba hii hakuna aliyefunga ndoa bila mashine ile. Mimi na babu yako, baba yako na mama yako, shangazi zako wote. Nimetia na santuri yetu moja iliyobaki, ile yenye karatasi nyekundu katikati. Nimeifunga kwa shuka mbili, na shuka nazo nazitaka.

Sharti langu ni moja: irudi ile ile. Usiniletee mashine ya watu wengine. Na usibakize kitu nje, kama ulivyoifungua saa ya ukutani ukiwa mtoto, ikabaki parafujo mkononi, ukatuambia, "Hii haikuwa na kazi." Jina umelipata hapo, na saa mpaka leo inagonga inapojisikia.

Mkeo mkubwa,
Bibi


19 Januari

Shikamoo mke wangu mkubwa,

Natumaini magoti yamepatana. Mimi mzima wa afya, na karakana nzima inakusalimu.

Mzigo umefika. Dereva aliushusha mwenyewe, kaukumbatia kifuani, akaniambia, "Bibi mmoja kanionya nikiuangusha nisikanyage tena mji wenu." Nikamwambia alikuwa hatanii. Akafuta jasho akaondoka bila hata kunywa maji.

Hujawahi kuona ninapofanyia kazi, acha nikuonyeshe. Ni chumba kirefu chembamba, dirisha moja kubwa upande wa barabarani, na kila ukuta una kitu cha kale kinachosubiri zamu yake: saa, redio za mbao, kinanda kisicho na meno. Fundi mkuu tunamwita Darubini, kwa sababu kile kioo cha kukuzia hakimtoki jichoni, hata akila. Wateja wengi wanataka vitu vyao ving'ae. Yeye huwaambia, "Ukitaka king'aacho kanunue sufuria." Sheria zake tunazijua kwa moyo: usiongeze, usipunguze, na ukitoa kitu usikitupe. Kila tunachokitoa kwenye mashine ya mtu tunakifunga karatasi, tunaandika jina la mwenyewe, tunakitia kwenye kopo la biskuti.

Nimeifungua gramafoni. Grisi imezeeka imekuwa gundi, ndiyo maana sahani haigeuki. Na kile kioo chembamba kinachotetemeka sindano ikipita kwenye santuri kimepasuka. Hayo nayaweza. Linalonisumbua ni alama. Kwenye mfuniko kuna doa la kuungua lenye umbo la pasi. Kitambaa cha kijani kilicho juu ya sahani si cha kiwandani. Pembe ya kutolea sauti imeshikizwa kwa kijisumari. Mahali palipotakiwa raba pana kipande cha ngozi. Na kirungu cha hendeli kina alama za meno! Bibi, nani kauma gramafoni?

Niambie moja moja, nijue kipi ni cha kubaki. Nataka nikurudishie sawasawa na ulivyosema.

Mchumba wangu anakusalimu kwa adabu zote. Ua lililochorwa kwenye pembe limefifia, na vidole vinamwasha kulifufua. Darubini kamwamuru aweke mikono mifukoni kila anapoingia karakana. Anaingia hivyo hivyo, mikono mifukoni, anazunguka mashine kama mpelelezi. Anauliza kama mke mkubwa atampokea.

Mumeo mdogo,
Parafujo


2 Februari

Kwa mume wangu,

Marahaba, na salamu zako nimezigawa kwa wote. Goti la kushoto limetulia. La kulia limeona peke yake haliwezi, nalo limenyamaza.

Barua yako ilinichekesha mpaka shangazi yako akaja kuniangalia. Haya, kaa nikusimulie.

Babu yako alikuwa fundi viatu, hilo unalijua. Lakini hujui kwamba kwake yeye dunia nzima ilikuwa kiatu. Kitu kikilegea, alipiga kijisumari. Kikivuja, alitia ngozi. Mlango wetu wa jikoni mpaka leo una soli. Hicho kijisumari cha pembe ni cha kisigino. Hiyo ngozi uliyoiona ni ulimi wa kiatu cha bwana mmoja aliyeleta viatu vishonwe asirudi tena. Babu yako alimngoja, akamngoja, mwisho akasema, "Basi mguu mmoja utusaidie kuimba."

Kitambaa cha kijani ni gauni langu. Hakuniomba! Alikata upindo wa nyuma nikiwa kazini, nikalivaa Jumapili, nikatembea nalo barabara nzima watu wananitazama, nadhani nimependeza. Niliporudi nikaona gauni liko sahanini linazunguka. Nilimnunia siku mbili. Ya tatu aliweka santuri, nikashindwa.

Doa la pasi ni langu. Nilikuwa napiga pasi huku nasikiliza, nikaiweka pasi pale kidogo tu, wimbo ukanichukua. Babu yako alisema sasa tumelipana.

Na meno ni ya baba yako, alipokuwa anaota ya mbele. Alikataa kila kitu isipokuwa kirungu kile. Usimwambie nimekuambia, siku hizi ni mkaguzi wa majengo, ana heshima zake.

Kwa hiyo usiguse hata kimoja. Ukikifuta kimoja umemfuta mtu.

Mwambie mke mwenza nimempokea kwa sharti dogo: ua lile asiliguse, wewe akuguse. Na mikono aitoe mifukoni akija kwangu, kuna kazi.

Mkeo asiyezeeka,
Bibi


8 Machi

Shikamoo Bibi, mke wa ujana wangu,

Mko wazima? Sisi huku tuko wazima na zaidi ya wazima. IMELIA!

Nisamehe kimya cha mwezi mzima, mikono ilikuwa kwenye grisi. Jana mchana nilimaliza, nikaweka santuri yenu ya karatasi nyekundu, nikashusha sindano. Kwanza ikakoroma kama mtu anayesafisha koo. Halafu fidla zikaingia, halafu yule bwana akaanza kuimba, na karakana yote ikasimama. Muuza magazeti wa nje aliingia na magazeti yake. Mama wa duka la vitambaa aliingia, akasimama mlangoni, mkono shavuni. Mchumba wangu alitoa mikono mifukoni akapiga makofi, na Darubini akajifanya hakuona. Mimi nililia, Bibi, sifichi. Sijawahi kumsikia babu, lakini niliona kama nimemsikia.

Alama zote zimebaki. Pasi ipo, gauni lipo, ulimi wa kiatu upo mahali pake, kijisumari kipo. Meno ya Mkaguzi wa Majengo yapo yote. Nimesafisha vumbi tu.

Kitu kimoja ndicho nilichobadilisha, nacho hakionekani kwa nje. Nilipofungua kile kikopo cha ndani kinachobeba springi, nikakuta springi fupi. Ilikatika zamani, ikapunguzwa, ikatobolewa tundu upya kwa ile koleo ya kutobolea matundu ya kamba za viatu. Nikajua mara moja ni mkono wa babu. Alifanya alichoweza kwa shida za wakati ule, lakini springi fupi kiasi kile haiwezi kufikisha santuri mwisho. Ingefika katikati ikachoka. Darubini alisita, akaniuliza, "Umemuuliza mwenyewe?" Nikamwambia hii si alama, mzee, hii ni hitilafu. Nikapata springi nzima kutoka kwenye mashine mfu ya aina ile ile, umri ule ule, kiwanda kile kile. Sasa inaimba mwanzo mpaka mwisho bila mtu kuigusa. Nahisi nimemmalizia babu kazi yake.

Naituma kwa basi la Jumanne, dereva yule yule. Alipoiona tena alishika kichwa.

Mumeo mwenye furaha,
Parafujo


20 Machi

Kwa Bwana Fundi,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema kama ilivyo kwetu.

Mashine imepokelewa ikiwa salama, pamoja na shuka mbili. Kazi ni nzuri na inaonekana imefanywa kwa uangalifu mkubwa. Tafadhali pokea shukrani zangu za dhati, na uzifikishe pia kwa fundi mkuu.

Maandalizi ya harusi yanaendelea vizuri. Msalimie mchumba wako.

Wako katika familia,
Bibi


27 Machi

Bibi yangu, shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu hii hapa,

Bwana Fundi? Mimi?

Niliisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nikamwonyesha mchumba wangu. Aliisoma mara moja akanirudishia kama kitu cha moto. "Huyu kakasirika," akasema. "Mtu mwenye furaha hasemi shukrani za dhati." Nikamwambia labda umechoka. Akasema, "Hakuna hata goti moja humu ndani. Bibi yako akinyima watu habari za magoti, pana jambo."

Niambie, Bibi. Imevunjika njiani? Nimekwaruza kitu? Nimefuta mtu bila kujua? Nimekaa nikipitisha kila parafujo kichwani, na safari hii naapa haikubaki hata moja. Nimempigia baba, nikamuuliza, akasema, "Mambo ya mama muulize mama," akaanza kunieleza paa la ghala fulani.

Harusi ni mwisho wa mwezi ujao. Sitaki kuingia kwenye nyumba hiyo nikiwa Bwana Fundi. Nitukane, nichambe, niite Parafujo, lakini usinishukuru hivyo tena.

Mjukuu wako anayetetemeka,
Mumeo, kama bado


4 Aprili

Kwa mume wangu, Parafujo,

Haya, rudi ndani, mlango sikuufunga kwa ufunguo. Magoti yote mawili yanauma na yanakusalimu. Mwambie huyo binti ana akili, nami namsogezea kiti karibu na changu.

Sikutaka kukuambia. Uliandika kwa furaha, ukalia, ukaita watu wa barabarani. Nikajiambia, bibi kizee, funga mdomo, mtoto kafanya kazi. Lakini mdomo wangu ukifungwa mkono unasema, na mkono ukaandika ile barua ya ofisini. Basi sikiliza.

Mkesha wa harusi yangu, babu yako alikuwa anaijaribu mashine kwenye meza yake ya viatu. Alikuwa ameipata kwa taabu, na alijigamba mji mzima kwamba yeye atacheza na mkewe kwa gramafoni. Pa! Springi ikakatika. Nusura akatike na yeye. Akaifungua, akakata kilichoharibika, akatoboa tundu kwa koleo yake, akairudisha. Hakumwambia mtu.

Kesho yake sebule imejaa, viti viko nje, ameweka santuri. Akazungusha hendeli mpaka mwisho, mpaka haizunguki tena, nikaona mishipa ya shingo. Akaja akanishika mkono akauinua juu, tukaanza. Tukacheza vizuri. Kufika katikati yule mwimbaji akaanza kushuka, akashuka, akawa kama ng'ombe mwenye huzuni, akanyamaza. Mama mkwe wangu anatazama dari. Babu yako akaniacha pale pale akaenda kuzungusha. Na mimi nimeachwa peke yangu katikati ya watu, mkono juu, kama mtu anayesimamisha basi. Niliona aibu, nikataka kuushusha. Halafu nikamwona anavyozungusha, anazungusha huku ananitazama mimi, jasho linamtoka, nikasema siushushi. Wimbo ukapanda tena, akarudi mbio, akaushika ule mkono ulipokuwa. Watu walipiga kelele mpaka bati likalia.

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyocheza nyumba hii. Baba yako alimwacha mama yako katikati ya sebule, mkono juu, akaenda akazungusha, akarudi. Shangazi zako waliachwa wakarudiwa. Springi nyingine ingepatikana baadaye, babu yako hakuitaka. Mkono juu unasubiri, mwenzio anakwenda anarudi, ndivyo ndoa yetu ilivyoanza. Baba yako angekuambia, lakini baba yako ukimuuliza jambo la mapenzi anaangalia kama ukuta una ufa.

Mashine ilipofika niliiweka sebuleni, nikamwita shangazi yako, nikasimama nikainua mkono. Wimbo ukaenda. Nikangoja ushuke. Ukaenda mpaka mwisho, safi kabisa, kama maji ya bomba. Hakuna aliyeondoka, na asiyeondoka hawezi kurudi. Nikakaa kitako.

Shangazi yako akasema, si tuizungushe nusu tu, itaishia katikati? Nikamwambia hapana. Hiyo ni kuigiza. Babu yako hakuzungusha nusu hata siku moja. Alizungusha mpaka mwisho, kwa nguvu zake zote, na haikutosha, ndipo akaenda akaongeza. Ukizungusha nusu kwa makusudi umefanya mchezo, na mimi sikuolewa kwa mchezo.

Nimesema. Sasa ufanye utakavyo, sitakasirika. Ulitunza kila kinachoonekana, mume wangu, na hilo nalishukuru kweli, si kwa shukrani za dhati.

Mkeo,
Bibi


10 Aprili

Shikamoo Bibi,

Magoti nayapa pole. Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya karakana nzima, na nilipofika kwa ng'ombe mwenye huzuni Darubini alitoa kioo jichoni. Sijawahi kuliona jicho lile bila kioo. Ni dogo, na lilikuwa na maji.

Kwanza nikuondoe wasiwasi: springi ya babu ipo. Tukitoa hatutupi. Iko kwenye kopo la biskuti, imefungwa karatasi, imeandikwa "Bibi". Nimeishika leo. Tundu lile la kamba za viatu nilikuwa naliona kama kidonda, na leo nimelitazama nikacheka peke yangu. Mtu katoboa tundu mkesha wa harusi yake, kwa haraka, na bado limekaa sawa katikati.

Nilimwambia Darubini, "Mzee, kitabu cha kiwanda kinasema springi ndefu." Akasema, "Kiwanda kiliianza tu. Fundi viatu ndiye aliyeimaliza." Halafu akanipa kibao cha kisogo kwa kutomuuliza mwenye mali.

Ila kuna shida, na safari hii nauliza kabla ya kugusa. Chuma karibu na tundu la babu kimechoka. Kuna ufa mwembamba kama unywele. Nikiirudisha, huenda ikashika, huenda ikakatika siku yenyewe, mbele ya watu, na ikikatika hapo haina tena pa kutoboa. Njia ya pili ni kuikata hii springi nzima, iwe fupi sawa na ile, nitoboe tundu kama lake. Hiyo ni imara, haitakuaibisha, nayo itaishia katikati kwa haki, hata ukizungusha kwa nguvu zote. Darubini anasema kukata springi nzima ya zamani ni dhambi, lakini akasema mwenye kuamua ni wewe.

Mchumba wangu nimemsimulia yote. Aliuliza jambo moja tu: ni mkono gani unaoinuliwa. Nimemwona akifanya mazoezi, brashi mkononi, mbele ya bango la muuza mikate.

Nijibu haraka, mke wangu. Nifanye ipi?

Mumeo,
Parafujo


14 Aprili

Parafujo,

Sijambo, magoti hayana nafasi leo, basi linaondoka.

Usikate. Nzima ibaki nzima, iweke kwenye kopo, huenda mjukuu wako ataihitaji. Rudisha ya babu yako. Njoo nayo mwenyewe uifungie hapa hapa, kwenye meza yake ya viatu.

Ikikatika, imekatika mikononi mwetu, na wimbo tutaumalizia kwa midomo. Tunaujua wote.

Mkono wa kulia. Mwambie asiupake rangi.

Bibi


9 Mei

Kwa mume wangu mdogo na mke mwenzangu,

Natumaini mmefika salama na chumba chenu mmekikuta kikiwa kikavu. Sisi hatujambo. Sebule bado ni kubwa, viti vingine havijarudi ndani, kwa sababu shangazi yako anasema mgongo, na baba yako anasema kwanza akague sakafu, watu waliruka mno. Mimi magoti nimeyasahau tangu siku ile. Yananikumbusha kidogo kidogo.

Nyinyi mlikuwepo, sina haja ya kuwasimulia harusi yenu. Lakini kuna kipande ambacho wewe, Parafujo, hukukiona, kwa sababu ulikuwa umeinama.

Ulipozungusha mara ya kwanza nilikuwa nakutazama shingo. Ulizungusha mpaka mwisho. Nilisikia chuma kinalia, nikafumba macho nikingoja ile pa! ya zamani. Haikuja. Ukamshika huyu binti, mkacheza. Nikaona babu yako hakupoteza kitu, miguu ile mizito yote umeirithi wewe. Halafu ng'ombe akaanza kushuka. Watoto wakacheka, hawajawahi kusikia. Baba yako, nilimwona, aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina, akamtafuta mama yako kwa macho.

Ukamwacha mwenzio ukaenda kwenye hendeli, ukatugeuzia mgongo, ukaanza kuzungusha polepole, kwa sababu ya ule ufa. Polepole mno! Ulichukua muda kuliko babu yako. Mke mwenza kasimama pale katikati, mkono juu, ananitazama mimi. Ndipo nikaona kwa nini ananitazama. Na mimi nilikuwa nimesimama. Sikumbuki kuinuka. Nilikuwa nimesimama mbele ya kiti changu, mkono wa kulia juu, kama miaka ile.

Niliona aibu, nikataka kuushusha. Yeye akanyoosha mkono wake wa kushoto, wenye rangi ya bluu kwenye kucha, akaushika wangu hapo ulipokuwa, akanivuta katikati. Tukasimama wawili, wake wenza, mikono juu, tunangoja. Akaninong'oneza, "Bibi, huwa anarudi?"

Nikamwambia, "Huyu? Anarudi. Mpe muda, ana kazi pale."

Mwimbaji akaanza kupanda. Ukageuka ukatukuta wawili, ukasimama ukacheka na machozi, hujui ushike mkono upi. Ukaishika yote.

Springi haijakatika. Jana nilimwita baba yako tuijaribu tena, kaifikisha katikati ikachoka vizuri kabisa. Akaenda akazungusha, na mama yako alikuwa jikoni, akatoka na mwiko, mkono juu.

Mke wenu mkubwa,
Bibi